Mmea wa Mitungi Unapogoma: Kutambua Dalili na Vyanzo vya Matatizo katika Aina Kubwa za Kitropiki

Mkuzaji wa mimea ya mitungi ya jenasi Nepenthes, yaani mimea inayonasa na kusaga wadudu kwa mitungi yake, anapoona mmea wake umeacha kutoa mitungi, aghalabu hutafuta kosa la wiki hii, ilhali kosa lenyewe huenda lilitendeka miezi miwili au mitatu iliyopita. Mtungi ni sehemu ya jani. Huanza kama uvimbe mdogo kwenye ncha ya kikono, yaani ule uzi unaorefuka kutoka kwenye mshipa wa kati wa jani, na hatima yake huanza kuamuliwa jani likiwa bado limejiviringa ndani ya tumba la juu. Katika aina kubwa, kama vile N. rajah (N. ni kifupi cha Nepenthes), N. truncata au N. merrilliana, jani moja huweza kuchukua wiki nyingi kukamilika, na mtungi wake ukachukua wiki nyingine kuvimba, kufunguka na kukomaa. Kwa hiyo mmea husomwa kuanzia juu kwenda chini: jani jipya kabisa ndilo linaloeleza hali ya sasa, na majani ya chini ni kumbukumbu ya hali zilizokwisha kupita.

Kutokana na ukweli huo, anayetafuta chanzo cha tatizo abadilishe jambo moja, kisha asubiri jani zima litoke na kukamilika. Anayebadilisha maji, mwanga, chungu na mchanganyiko wa kupandia kwa pamoja hatajua kilichouponya mmea hata ukipona, na usipopona hatajua kilichouua. Iko hali moja tu isiyoruhusu subira, nayo ni kuoza kwa shina, ambako kutaelezwa mbele.

Joto, hasa la usiku

Kabla ya kuuliza mmea una ugonjwa gani, uliza umetoka kwenye mwinuko gani. Spishi za nyanda za chini, kama N. bicalcarata ya misitu ya vinamasi ya Borneo, N. ampullaria, N. rafflesiana na N. merrilliana ya Ufilipino, hupenda mchana wa nyuzi 27 hadi 33 za Selsiasi na usiku usioshuka sana chini ya nyuzi 20. Spishi za nyanda za juu hutaka mambo mengine kabisa. N. rajah, ambayo mtaalamu wa mimea Joseph Dalton Hooker aliieleza kisayansi mwaka 1859, huota porini katika milima ya Kinabalu na Tambuyukon pekee, huko Sabah, kaskazini mwa Borneo, kati ya mita 1,500 na 2,650 hivi juu ya usawa wa bahari, na N. villosa hupanda juu zaidi katika mlima wa Kinabalu. Mimea ya namna hiyo hustawi ikipata mchana wa nyuzi 20 hadi 26 na usiku wa nyuzi 10 hadi 15. Kati ya makundi hayo mawili zipo spishi za wastani, kama N. maxima na N. ventricosa, pamoja na machotara mengi ambayo huvumilia kuliko wazazi wao.

N. truncata ya kisiwa cha Mindanao, Ufilipino, ndiyo inayowachanganya wanunuzi wengi, kwa sababu huota kuanzia karibu na usawa wa bahari hadi mita 1,500 hivi. Mimea miwili yenye jina lilelile kwenye lebo inaweza kuhitaji usiku unaotofautiana kwa nyuzi kadhaa, na jina peke yake halisemi ni upi kati yake ulio mikononi mwako. Muulize muuzaji mbegu au mmea mama ulitoka kwenye mwinuko upi. Asipojua, anza na joto la wastani na uutazame mmea wenyewe.

Dalili za mmea wa nyanda za juu unaoteswa na usiku wa joto huja polepole, na ndiyo sababu hupuuzwa. Kila jani jipya huwa dogo kidogo kuliko lililotangulia, vikono hufupika, mitungi hupungua ukubwa kisha hukoma, na mwishowe tumba la juu hukauka au mizizi huoza. Jambo hilo linaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi, na kwa muda wote huo mmea huonekana mzima kwa mtazamaji asiye makini. Sababu yake ni kwamba mmea hupumua usiku kucha ukitumia sukari uliyoitengeneza mchana, na kadiri usiku unavyokuwa wa joto ndivyo unavyoitumia kwa wingi, hata ikafika mahali matumizi yakayazidi mapato. Mbolea haitibu hali hiyo, wala unyevu hauitibu. Kinachoitibu ni kushusha joto la usiku kwa kiyoyozi, kwa kuhamishia mmea mahali penye baridi jua linapokuchwa, au, kwa kasha dogo lililozibwa vizuri, kwa chupa za barafu zinazobadilishwa kila jioni.

Kinyume chake, mmea wa nyanda za chini uliowekwa kwenye baridi huacha kukua ghafla, na majani yake hupata madoa meusi au wekundu usio na uhusiano na jua, huku mizizi iliyokaa katika maji baridi ikianza kuoza.

Kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini kiwekwe kwenye kimo cha majani, kivulini, kwa wiki nzima kabla ya kufanya uamuzi wowote. Namba ya joto la chumba kwa jumla haisaidii, kwa kuwa pembe ya rafu chini ya taa inaweza kuwa na joto zaidi kwa nyuzi kadhaa. Ikiwa vipimo vinaonyesha kwamba usiku wako haushuki chini ya nyuzi 22 na huna njia ya kuushusha, kwa maoni yangu ni heri kuachana na N. rajah na kukuza N. truncata ya nyanda za chini au chotara kubwa la N. veitchii, kuliko kupigana kwa miaka na hali ya hewa isiyoshindika.

Majani yanatoka, mitungi haitoki

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, na halina chanzo kimoja. Ili kulipatia jibu, tazama ncha ya kikono kwa makini, ikiwezekana kwa kioo cha kukuzia, na uamue ni hali ipi kati ya tatu inayokukabili.

Hali ya kwanza ni pale ncha inapobaki kama punje ndogo ya kijani, hai lakini haisongi mbele. Hapa mtuhumiwa mkuu ni mwanga. Mtungi hauna faida kwa mmea ulio kivulini, kwa sababu mmea wa namna hiyo umepungukiwa sukari kuliko nitrojeni, na hakuna mdudu anayeweza kuuletea sukari. Ushahidi mwingine utauona kwenye majani yenyewe: yatakuwa marefu, membamba kuliko kawaida ya spishi hiyo, ya kijani kizito, na yaliyolegea kuelekea chini. Mpe mmea mwanga mkali uliochujwa, kama ule unaopita kwenye wavu wa kivuli wa asilimia 50, au taa za LED kwa saa 12 hadi 14 kwa siku, ukiongeza kidogo kidogo katika wiki tatu au nne. Mabadiliko hayataonekana kwenye vikono vilivyopo, ambavyo mara nyingi vimekwisha kukata tamaa. Tazama majani mawili yanayofuata.

Hali hiyohiyo ya punje isiyosonga hutokea pia kwa mmea uliolishwa mbolea kupitia mizizi kwa wingi. Mmea uliokwisha kushiba nitrojeni kwenye udongo hutoa majani makubwa ya kuvutia na mitungi michache. Ukiona majani mapana yenye afya, mwanga wa kutosha, na bado hakuna mtungi, acha mbolea ya mizizi na osha chungu kwa maji safi mengi.

Hali ya pili ni pale ncha inapoanza kuvimba, ikafikia ukubwa wa punje ya mahindi au zaidi, kisha ikageuka kahawia na kukauka. Huo ni ushahidi kwamba mmea ulikuwa na nguvu na nia ya kutengeneza mtungi lakini ukakosa maji katika hatua ya kuujaza. Wengi hukimbilia kipima unyevu, wakaona asilimia 60 na kuridhika. Lakini asilimia hiyo haina maana bila joto: hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 60 ina nguvu ya kukausha karibu mara mbili ya hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu uleule. Mtungi mchanga una ngozi laini na haujawa na ulinzi wa kutosha, kwa hiyo saa chache za adhuhuri kavu zinaweza kuuharibu hata kama usiku ulikuwa wa ukungu mtupu. Lenga asilimia 70 au zaidi wakati wa mchana, na uache usiku upande hadi karibu na 90, kama inavyokuwa katika misitu ya mawingu mimea hii inakotoka. Kupuliza maji kwa chupa mara mbili kwa siku hakuongezi unyevu kwa zaidi ya dakika chache. Kinachosaidia ni nafasi iliyofungwa, mimea mingi iliyokaa pamoja, sakafu iliyoloweshwa, au mashine ya ukungu yenye kidhibiti.

Hata hivyo, usiichunguze hewa ukaisahau mizizi. Ncha zinazokauka katika hewa yenye unyevu wa kutosha zinamaanisha kwamba maji hayapandi kutoka chini, ama kwa sababu mchanganyiko uliachwa ukakauka kwa siku moja au mbili, ama kwa sababu mizizi imekufa. Mimea iliyobadilishwa chungu karibuni huonyesha dalili hii karibu kila mara, kwa kuwa mizizi ya Nepenthes ni myembamba na huvunjika kwa urahisi. Ipewe miezi miwili au mitatu bila kusumbuliwa.

Hali ya tatu ni pale mitungi inapofunguka lakini ikiwa midogo, imejikunja, au ina ukingo uliokunjamana upande mmoja. Ukingo wa mdomo hutanuka kwa siku kadhaa baada ya kifuniko kufunguka, na ukikumbwa na hewa kavu katika siku hizo hubaki nusu. Ikiwa na majani mapya pia yamepinda na yana makovu, shuku wadudu kabla ya hewa. Ikiwa majani ni mazuri na mitungi tu ndiyo midogo, fikiria njaa: mtungi mkubwa hugharimu, na mmea ambao mitungi yake ya awali haikukamata kitu kwa miezi mingi hauna akiba ya kuujenga.

Mitungi inayokufa, kunuka au kumwaga maji

Mtungi haudumu milele. Baada ya miezi kadhaa kifuniko huanza kukauka, kisha ukahawia hushuka hadi mdomoni na mwilini, huku sehemu ya chini ikiendelea kusaga chakula. Mtungi wa namna hiyo usikatwe mpaka ukauke wote. Tatizo lipo pale weusi unapoanzia chini au katikati, mtungi ukiwa bado mchanga.

Chanzo chake cha kawaida ni kulishwa kupita kiasi. Kwa kuwa N. rajah inaweza kubeba zaidi ya lita 3 za maji, na kwa kuwa panya walikwisha kukutwa wamezama ndani yake, wapo wanaoshawishika kutia vipande vya nyama. Nyama huoza kabla kimiminika hakijaimaliza, harufu hutoka, na ukuta wa mtungi hufa. Wanaosisitiza kwamba mmea mkubwa unahitaji windo kubwa wasahihishwe na mmea wenyewe: watafiti wameonyesha kwamba N. rajah na N. lowii hupata sehemu muhimu ya nitrojeni yao kutokana na kinyesi cha Tupaia montana, mnyama mdogo wa milimani anayekuja kulamba nekta chini ya kifuniko na kujisaidia ndani ya mtungi. N. ampullaria nayo hupokea majani makavu yanayodondoka kutoka kwenye miti. Wadudu wachache waliokaushwa, kama nyenje wawili kwa mtungi mkubwa kila mwezi, wanatosha. Wapo wakuzaji wanaotia punje mbili au tatu za mbolea ya kuyeyuka polepole katika mtungi uliokomaa, na njia hiyo hufanya kazi, mradi mtungi uwe na maji na punje zisipewe mtungi mchanga.

Mtungi uliomwaga kimiminika chake wakati wa kusafirishwa unaweza kuokolewa kwa kutiwa maji safi hadi robo au theluthi ya kimo chake. Usiujaze. Mtungi mpana uliojazwa hadi mdomoni huelemea kikono, na kimiminika cha kusagia hupungua ukali.

Matone matamu chini ya kifuniko, kwenye vikono au hata kwenye shina si ugonjwa. Ni nekta, na mimea hii hutoa nekta kwingi kuliko mdomoni pekee. Nekta ikikaa hupata ukungu mweusi kama masizi, ambao hufutika kwa kitambaa kibichi.

Rangi ya majani

Majani mawili ya chini yakigeuka njano na kukauka huku ya juu yakiendelea vizuri, hakuna la kufanya. Majani mapya yakitoka ya njano hafifu huku mishipa ikibaki ya kijani, mmea haupati chuma cha kutosha, na mara nyingi chuma kimo chunguni lakini maji yenye chokaa yamepandisha alkali hata mizizi isiweze kukichukua. Ncha na kingo za majani zikikauka kwa mstari wa kahawia, chumvi zimekusanyika.

Yote mawili yanarudi kwenye maji. Maji ya mvua, maji yaliyokenekwa, au yaliyochujwa kwa mtambo wa kuondoa chumvi ndiyo salama. Kipima chumvi kikionyesha chini ya miligramu 50 kwa lita, hakuna wasiwasi, na zikizidi 100, aina nyingi kubwa zitaanza kulalamika baada ya muda. Kuchemsha maji ya bomba si dawa, kwa kuwa sodiamu na kloridi hubaki na kukolea kadiri maji yanavyopungua. Maji yaliyolainishwa kwa kifaa cha nyumbani ni mabaya zaidi, maana kifaa hicho huondoa kalisi na kuweka sodiamu mahali pake. Kipimo kinachofichua mengi kuliko kipimo cha maji ya kumwagilia ni hiki: mwagilia chungu, kinga maji yanayotoka chini, na ulinganishe namba mbili. Maji yanayotoka yakiwa na chumvi mara kadhaa ya yale yaliyoingia, mchanganyiko umechakaa au mbolea imezidi, na chungu kioshwe kwa maji safi mara kadhaa mfululizo au mchanganyiko ubadilishwe.

Wekundu kwenye majani yaliyo juani ni kinga ya kawaida na wakuzaji wengine huufurahia. Mabaka meupe au ya rangi ya nyasi kavu, yanayotokea upande uliotazama jua pekee, ni kuungua. Hayaponi, ila mmea usogezwe tu na majani yaachwe yaendelee kufanya kazi na sehemu zilizobaki.

Mmea unanyauka ilhali chungu kina maji

Dalili hii ni ya haraka. Majani yakilegea na mchanganyiko ni mbichi, mizizi au shina vimeharibika. Toa mmea taratibu pamoja na bonge lake. Hapa wanaoanza hukosea jambo moja: mizizi ya Nepenthes yenye afya ni myeusi au kahawia iliyokolea, hivyo rangi nyeusi peke yake haithibitishi kuoza. Ibonyeze kwa vidole. Mzizi mzima ni mgumu na ncha yake inayokua ni nyeupe au ya manjano. Uliooza ni mlaini, ganda lake huambuka likaacha uzi mwembamba, na mara nyingi hunuka.

Mizizi huoza kwa kukosa hewa. Mimea hii hupenda unyevu wa kudumu lakini si bwawa, na chungu cha mmea mkubwa kilichokalia sahani ya maji ni mwaliko wa maangamizi, hasa joto linapopanda, kwa kuwa maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Sfagnamu ya nyuzi ndefu, yaani mimea midogo laini ya vinamasi inayoshika maji mengi, ambayo wengi huitumia, ni nzuri kwa mwaka mmoja au miwili. Baadaye hujikandamiza na kuwa tope. Kwa aina kubwa ninapendelea mchanganyiko ulio wazi zaidi, ambapo sfagnamu haizidi nusu na kilichobaki ni perlaiti au pumisi, ambazo ni chembe nyepesi za mawe ya volkano, au vipande vya magome ya msonobari. Makumbi ya nazi yanafaa pia, lakini lazima yaloweshwe na kuoshwa mara nyingi, kwa sababu huja na chumvi. Chungu kiwe kirefu na chenye matundu mengi. Vyungu vya wavu vimewaokoa wengi waliokuwa na mkono mzito wa kumwagilia.

Ikiwa mizizi imeoza lakini shina ni gumu na la kijani ndani, kata kilichooza, panda upya katika mchanganyiko safi wenye unyevu wa wastani, funika mmea kwa mfuko angavu na uuweke kwenye mwanga usio mkali. Ikiwa weusi umepanda ndani ya shina, usisubiri chochote. Kata kwa kisu kilichosafishwa kwa spiriti, ukipanda juu kipande kwa kipande, mpaka sehemu iliyokatwa ionekane nyeupe au kijani kibichi bila duara wala nukta ya kahawia. Kisha gawanya shina lililobaki katika vipandikizi vyenye majani mawili au matatu, punguza kila jani kwa nusu, na uvisimike katika sfagnamu mbichi ndani ya hewa yenye unyevu mwingi. Mizizi huweza kutokea baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, na kwa baadhi ya spishi za nyanda za juu huchukua muda mrefu zaidi. Kipandikizi kilichobaki kijani hakijafa.

Tumba la juu likifa peke yake huku shina likiwa zima, hakuna haja ya kukata kwa hofu. Macho yaliyolala kwenye makwapa ya majani au chini ya shina huamka baada ya wiki kadhaa.

Wadudu

Inashangaza wengi kwamba mmea unaokula wadudu nao huliwa na wadudu. Vithiripi ndio wabaya zaidi, kwa kuwa hushambulia tumba la juu, ambako jani bado limejikunja, na uharibifu huonekana jani linapofunguka likiwa limepinda, lina makovu ya rangi ya fedha na vinukta vyeusi vya kinyesi. Utitiri hufanya kazi inayofanana na hiyo, ila hupendelea hewa kavu na huacha rangi ya shaba na, wakiwa wengi, utando mwembamba upande wa chini. Wadudu magamba hujipanga kando ya mshipa wa kati chini ya jani, wakidhaniwa kuwa ni vidoa vya kawaida mpaka mtu avikwangue kwa ukucha. Vidung'ata, wenye unga mweupe kama pamba, hukaa kwenye makwapa ya majani, na wapo wanaokaa kwenye mizizi, ambao hawajulikani mpaka chungu kifunguliwe. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kila siku kwenye shina badala ya kwenda mitungini, fuata njia yao: hubeba na kulinda vidung'ata na magamba kwa ajili ya utomvu wao mtamu.

Kwa shambulio dogo, pamba iliyochovywa spiriti ya asilimia 70 inatosha, ikirudiwa kila wiki kwa mwezi mzima, kwa kuwa mayai hayaguswi mara ya kwanza. Dawa za mafuta, ya mwarobaini yakiwemo, zijaribiwe kwanza kwenye jani moja na kamwe zisipulizwe jua likiwa kali, maana huunguza. Midomo ya mitungi izibwe kwa pamba kabla ya kupuliza dawa yoyote. Kwa vithiripi vilivyojificha ndani ya tumba dawa za kugusa hazifiki, na hapo dawa inayofyonzwa na mmea ndiyo yenye nafasi, ikitumiwa kwa kipimo kilichoandikwa na mbali na mimea yenye maua yanayotembelewa na nyuki.

Mmea uliofika ukiwa mkubwa, na mmea uliorefuka

Mmea uliosafirishwa hupoteza mitungi, na hilo si tatizo. Utie mahali penye unyevu wa juu, ufungue hewa kidogo kidogo katika wiki nne, na uhukumu kwa jani la kwanza lililoanza na kukamilika kwako. Lakini mmea mkubwa uliouzwa kwa bei ya chini, wenye majani yaliyotoboka, shina gumu la kahawia na mizizi iliyokatwa kwa usawa mmoja, pengine umechimbwa porini. Mimea ya namna hiyo hufifia kwa miezi licha ya uangalizi wote, na kuna suala la sheria pia: spishi zote za Nepenthes zimo katika CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya spishi zilizo hatarini, na N. rajah na N. khasiana zimo katika Kiambatisho cha I, kilicho kikali kuliko vyote. Mmea mdogo uliotokana na maabara au mbegu utaupita huo kwa afya.

Mwisho lipo tatizo la umri. Aina nyingi, baada ya miaka ya kukaa zikiwa na majani yaliyojipanga kwa duara chini, huanza kupanda kama mtambaazi. Nafasi kati ya majani hurefuka, na mitungi ya juu huwa na umbo jembamba lisilo na mabawa, yaani zile kingo mbili zinazochomoza mbele ya mtungi, ikining'inia kwenye kikono kilichofanya mzunguko. Mkuzaji aliyezoea mitungi minene ya chini hudhani mmea umeharibika. Haujaharibika, ila unahitaji kitu cha kushikilia, kwani katika aina nyingi kikono kisichopata cha kujizungushia mara nyingi hakimalizi mtungi wake. Weka nguzo au wavu karibu na vikono. Asiyeitaka mitungi ya juu akate shina juu ya jani la tano au la sita kutoka chini wakati mmea una nguvu na joto liko sawa. Machipukizi yatakayotoka chini yatabeba tena mitungi minene, na kipande kilichokatwa kigawanywe kuwa vipandikizi. Mmea dhaifu usikatwe kwa sababu hiyo, na mmea unaochanua, ambao kwa jani moja au mawili hutoa mitungi midogo au hautoi kabisa, uachwe umalize, au bua la maua liondolewe mapema likiwa bado changa.